Update iliyoninyamazishia simu siku ya kumzika baba

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Hili ninaloandika lilinipata mimi mwenyewe, si la kuhadithiwa. Nimekaa nalo miezi minne. Juzi nimekuta humu mtu anacheka kwamba "update ikizingua si unasubiri nyingine tu".

Kwako ni kusubiri tu. Ngoja nikueleze kwangu ilikuwaje.

Mimi ni mwanamke, mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja upande wa Korogwe. Sioni. Surua ilinichukulia macho nikiwa na miaka sita, kwetu milimani, juu kidogo ya Soni.

Natumia smartphone kama nyinyi. Ina programu inayonisomea kwa sauti: nikigusa mara moja inataja kilichopo, nikigusa mara mbili inafungua. Na kwa kuwa kioo hakinisaidii kitu, nimekizima. Simu inakuwa inafanya kazi zote, ila kioo ni cheusi tii. Chaji inakaa, na jirani yangu kwenye basi hasomi meseji zangu. (Mnapenda sana kusoma meseji za watu, tunajua.)

Hilo la kioo cheusi mlikumbuke, tutalirudia.

Sasa baba.

Baba alikuwa mkulima wa kabichi na peasi. Alipoamua kunipeleka shule ya bweni ya wasioona, ukoo ulimcheka. Kipofu, tena wa kike, asome awe nani? Hakubishana nao. Alininunulia sanduku la bati, akaenda kwa mwalimu mmoja kuomba aonyeshwe jina langu linavyoandikwa kwa nukta nundu, yale maandishi tunayosoma kwa vidole. Akarudi nyumbani, akashika msumari na nyundo, akalitoboa jina langu kwenye mfuniko kwa upande wa ndani, ili vinundu vitokee nje.

Hakujua kwamba ukitoboa kwa ndani lazima ugeuze. Usipogeuza, nje jina linatoka kinyume.

Miaka saba nililala bwenini na jina langu limeandikwa kinyume. Sikumwambia hata siku moja. Na sikuwahi kupotelewa na sanduku, maana lililoandikwa vile lilikuwa langu peke yake.

Mwaka jana akaanza kuumwa. Nikiwa nyumbani likizo, tumekaa jikoni tunaota moto, akaniambia:

"Wasifu wangu utausoma wewe. Si baba yako mdogo. Wewe. Nao waliocheka wawepo wakusikie."

Nikamwambia, "Baba, hayo ya nini sasa?"

"Niitikie kwanza."

Nikaitikia.

Alifariki siku ya Jumanne, maziko yakapangwa Ijumaa. Nikaanza kuandika wasifu kwenye simu, mama akinikumbusha mambo ya zamani. Mpango wangu ulikuwa rahisi: earphone sikio moja, simu inanisomea sentensi, na mimi naitoa kwa sauti mbele ya watu. Darasani ndivyo ninavyofanya kila siku.

Tatizo lilikuwa moja. Update iliyotangulia ilikuwa imeharibu sauti. Kiswahili ilikuwa inakisoma kwa mdomo wa Kizungu, jina la baba inalitamka kama jina la dawa. Kwenye group letu la wasioona wenzangu wakasema kuna update mpya, inarekebisha hilo.

Alhamisi nilikuwa Lushoto mjini na shemeji yangu, mume wa dada, tunachapisha ratiba ya ibada. Pale dukani kulikuwa na Wi-Fi. Nikakubali update.

Shemeji akaniuliza kwa nini wasifu nao tusiuchapishe kabisa.

"Ukichapishwa mimi nitausomaje, shemeji?"

Nilimjibu kwa kiburi, nakiri. Nilitaka uwe kwangu tu, usije ukachukuliwa na mtu mwingine.

Ijumaa asubuhi nagusa simu. Kimya.

Naigusa tena. Inatetemeka mkononi, haisemi neno. Nikaizima na kuiwasha, ikatetemeka tu.

Nikamwita shemeji. Akaishika, akaigeuza huku na huku.

"Shemeji, hii simu imezima."

"Haijazima. Kioo nimekizima mimi."

"Sasa nakiwashia wapi?"

Hapo ndipo penyewe, wakuu. Kukiwasha kioo kunataka sauti ikuelekeze pa kugusa, na sauti haipo. Wasifu wa baba uko mle ndani mzima. Mimi siusikii, yeye hauoni.

Akachukua bodaboda mpaka Soni kwa fundi. Baada ya muda akapiga kwa dada, nikapewa nisikilize. Fundi anasema dawa ni moja, aifute yote ianze upya.

"Afute?"

"Asifute. Rudi nayo."

Najua kuna atakayeuliza, si ungesema tu kwa mdomo, kwani humjui baba yako? Nilijaribu. Mshereheshaji aliponiita nilisimama. Nilisikia watu wakitulia, nikajua wako wengi. Nikasema, "Baba yetu..." na kilichofuata kikagoma. Nilikuwa nimeandika ili nisitegemee moyo wangu siku ile, na sasa sikuwa na kingine zaidi ya huo moyo. Nililia. Mama mmoja akanishika kiuno akanikalisha, watu wakasema pole, pole.

Mchungaji alikuwa na maziko mengine kijiji cha pili na ukungu ulishaanza kushuka. Baba mdogo akasimama na karatasi aliyoiandikia gotini wakati mimi nalia. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, alikuwa mkulima hodari na mzee wa kanisa. Kisha akasoma:

"Ameacha mjane, watoto wanne, na mmoja mlemavu wa macho."

Tuko watano. Hesabu ni hiyo tu, watano.

Simlaumu sana. Ule muda aliopewa hata mimi ningeandika ovyo. Lakini niliumia, wakuu, na bado naumia. Baba aliniomba kitu kimoja, na waliocheka walikuwepo, wakanisikia nikilia tu.

Nilirudi kazini na kiswaswadu cha kuazima, simu ndogo ya vitufe. Smartphone sikuitupa. Niliichaji kila siku isizime, na kila asubuhi niliweka kidole kuifungua, nikaisikiliza ikinyamaza.

Wiki ya tatu, tuko staff room, naweka kidole kama kawaida. Ikasema:

"Alinunua sanduku la bati."

Kwa Kiswahili safi kabisa, sauti juu, walimu wote wanasikia. Update nyingine ilikuwa imeingia yenyewe na kuirekebisha, na ukurasa ulikuwa uleule nilipouacha. Hakuna samahani, hakuna maelezo. Ikaendelea na sentensi inayofuata kama vile haijatokea kitu. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya darasa mpaka kengele ikalia.

Likizo ilipofika nikapanda nyumbani. Nikamwomba mama sanduku langu. Ndani yake kulikuwa na kibao changu cha kuandikia nukta nundu, nilichokiacha siku nyingi nikajiona wa kisasa. Kidude cha kutobolea hakikuwepo. Mama anasema baba alikuwa anakitumia kutobolea mikanda. Tukakikuta kimechomekwa ukutani jikoni, juu ya alipokuwa anakaa.

Nikaunakili wasifu wote kwenye karatasi ngumu, nundu kwa nundu. Vidole vilikuwa vimesahau, nilikosea nikarudia.

Siku ya kuweka msalaba kaburini niliomba nafasi. Nilisoma kwa vidole, taratibu, na sauti haikukatika. Nilisoma la kuchekwa. Nilisoma la sanduku na msumari. Nilisoma, "Ameacha mjane na watoto watano."

Baadaye baba mdogo akanifuata. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akasema, "Mwanangu, hilo la sanduku sikulijua."

Nikamwambia sasa umelijua, baba.

Nilichojifunza ni hiki. Wasioona wenzangu, siku yenye jambo usikubali update, hata wakuahidi nini. Na kitu kinachokugusa moyoni kiwe na nakala unayoweza kuishika mkononi. Mnaotengeneza hizi programu, kabla hamjatuma mzigo kwa watu, mpeni mmoja wetu aushike kwanza siku mbili. Kwenu ni hitilafu ndogo ya sauti. Kwetu sauti ndiyo kioo, ndiyo kalamu, na siku ile ilikuwa ndiyo neno langu kwa baba.

Kuna jambo moja sikulisema pale kaburini.

Nilikata kipande cha bati, nikachukua nyundo na msumari, nikalitoboa jina la baba kwa ndani. Sikugeuza. Makusudi. Shemeji akakipigilia kwenye msalaba.

Watu walipotawanyika mama aliniomba nimshike mkono. Mama hakusoma shule, herufi hajui, za wino wala za nundu. Nikauweka mkono wake kwenye bati. Akapitisha kidole mara moja, akakirudisha, akapitisha tena.

"Linakwaruza kama lile la sandukuni," akasema.

Nikamwambia, "Ndivyo, mama. Mwandiko ni uleule."

Haya, uwanja ni wenu. Nani kati yenu amewahi kuachwa na simu siku asiyotaka kuachwa? Na wenzangu msioona, nani bado ana kibao chake? Andikeni, nitasoma yote. Leo simu inaongea.