Fundi Saa Kwenye Meza ya Poka

Fundi saa tunayegawana naye chumba tunamwita Sekunde, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Ukimwambia "nakuja sasa hivi", anatazama ukutani. Ukirudi umechelewa, anakutajia umechelewa kiasi gani, wala hakupunguzii. Chumba chetu ni kimoja, kimekatwa katikati kwa ubao mwembamba: upande wake meza ya saa, upande wangu dirisha la kutuma na kutoa pesa kwa simu. Ubao haufiki darini. Akikohoa nasikia, nami nikigombana na mteja yeye anachangia.

Siku hizi nani anatengeneza saa? Watu wanaangalia simu zao. Kazi iliyombakia ni kubadilisha betri na kukata mikanda mirefu, na kati ya mteja na mteja unaweza kulala ukaamka. Lakini mkono wake ni mkono kweli. Saa iliyokwama anaiweka sikioni, anafumba macho, anahesabu kimoyomoyo, kisha anakwambia gurudumu gani lina uchafu kabla hajafungua mfuniko. Na watu nao anawapima vivyo hivyo. Kuna bwana mmoja alileta saa ya bei kubwa kuiuza. Sekunde akamuuliza aliinunua wapi, na bwana akajibu vizuri tu, duka na mtaa. Alipoondoka, sauti ikaja juu ya ubao: "Jirani, huyo kachukua sekunde tano kukumbuka duka la saa yake mwenyewe. Hiyo ya wizi." Hakuinunua. Siku mbili baadaye askari wakapita wakiulizia saa ile ile. Tangu hapo alijiona ana kipaji, nami nilimsifu, Mungu anisamehe.

Poka ilimwingia kwa njia ya simu. Mwanzoni ilikuwa ya bure, pesa za kuchezea zisizonunua hata kiberiti. Alinieleza mchezo wenyewe mpaka nikaujua bila kutaka. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, kisha tano zinafunuliwa mezani, za wote. Kila hatua unaongeza dau au unatupa karata zako ujitoe. Anayeshinda ni mwenye karata nzito, au aliyewatisha wenzake wakakimbia. Mezani, ana kwa ana, unamwangalia mwenzako usoni. Kwenye simu hakuna uso, kuna jina la utani na kiduara kinachozunguka kuonyesha kwamba mtu bado anaamua.

Wewe na mimi tungeona kiduara. Yeye aliona saa. Akageuza daftari lake la ufundi, na kurasa za nyuma akaanza kuandika majina ya utani ya wachezaji na sekunde anazochukua kila mmoja. Huyu akijibu haraka ana karata nzuri. Huyu akikaa zaidi ya sekunde kumi anadanganya. Kwa wiki sita alishinda mamilioni ya bure, na kila ushindi nilitangaziwa juu ya ubao.

"Jirani, hizi zingekuwa pesa kweli ningeshajenga."

"Zingekuwa pesa kweli usingecheza hivyo."

"Kwa nini?"

"Ungekuwa unatetemeka, fundi."

Alicheka. Jumatatu iliyofuata akaja amevaa shati la kutokea, amebeba kitambulisho, anataka nimsaidie kufungua akaunti ya pesa halisi. Nilimpiga picha mwenyewe. Kitambulisho mbele, kitambulisho nyuma, kisha uso, na usoni alikuwa amekaza kama anapigwa ya pasipoti. Nikamwambia aanze na meza ndogo kabisa, aweke kile ambacho kikipotea atakula na kulala vizuri. Akakubali. Thamani ya betri tatu kwa wiki, saa saba hadi saa nane mchana, basi. Namjua ni mtu wa ratiba, nikatulia.

Wiki ya kwanza alipata. Ya pili alipata tena, akaninunulia soda. Ya tatu betri zake tatu ziliisha Jumatatu hiyo hiyo, akaongeza nyingine Jumanne, na Jumatano nikamsikia akifungua droo ya mauzo ya siku. Niliendelea kuhesabu noti za wateja. Nilikuwa na foleni.

Sasa nimlete mama mkwe wake, maana bila yeye haya yangekuwa mambo ya mtu mzima na pesa zake mwenyewe, na mimi yasingeninyima raha.

Tunamwita Mwalimu. Amefundisha nusu ya mtaa huu kusoma, mimi nikiwemo, kwa sauti iliyokuwa ikisikika hadi barabarani. Alipostaafu akaendelea na darasa la watu wazima, mara mbili kwa wiki. Mwaka jana meno yalimwisha, ya juu yote, ya chini yakabaki matatu. Akaanza kuziba mdomo kwa mtandio. Salamu akawa anaitikia kwa kichwa. Darasani aliaga kwamba koo linamsumbua, na koo hilo likasumbua miezi minane. Mwanafunzi wake mmoja, mama muuza mboga, alikuwa akinipitia kila wiki kuuliza Mwalimu anarudi lini, kwa sababu alikuwa amefika katikati ya kitabu.

Hatimaye daktari wa meno alimpima, meno ya bandia yakatengenezwa, yakawa tayari. Ijumaa saa tano angelipa na kuvalishwa. Pesa alikuwa amezikusanya kidogo kidogo kutoka pensheni, kwenye laini yake ya simu, na simu ndogo yenye laini hiyo, pamoja na namba ya siri, alimkabidhi mkwewe. Nilikuwepo siku hiyo. "Baba, kaa nayo wewe," alimwambia, mtandio mdomoni. "Kwa wanangu itaota miguu." Sekunde aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye kikopo cha springi, na siku nzima alitembea kifua mbele.

Alhamisi, saa saba na dakika chache, alikuja dirishani kwangu. Kwa kawaida huwa anaongea nami kupitia juu ya ubao. Aliweka simu mbili kaunta, yake na ile ndogo yenye laini ya Mwalimu.

"Toa hapa, weka hapa," alisema.

"Si ujitumie mwenyewe moja kwa moja?"

"Sitaki jina langu liandikwe kwenye laini yake."

Nikamtazama. Hakunitazama.

"Saa moja tu, jirani. Kuna meza nimeikalia macho tangu Jumanne. Kuna mtu pale anaitwa Chuma, nina kurasa mbili zake. Najua anavyopumua. Nairudisha ile niliyopoteza, na hizi zinarudi kwenye kikopo kabla sijafunga duka."

Sheria ya kazi yangu iko wazi: pesa inatolewa mwenye laini akiwepo, na kitambulisho chake mkononi. Mteja mwingine yeyote ningemfukuza kwa maneno. Lakini huyu ni jirani, mtu wa kuaminika, na kiasi kilikuwa kikubwa, na kamisheni yake ilikuwa kubwa vilevile. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Jina la Mwalimu likatokea kwenye kioo, majina yake yote matatu, mfumo ukaniuliza nina uhakika.

"Umechukua sekunde nne," Sekunde alisema. "Unaogopa nini?"

Nikabonyeza.

Nilifunga dirisha langu nusu, nikaenda kusimama nyuma yake. Sijawahi kufanya hivyo mchana wa kazi. Aliweka simu juu ya kitambaa cheusi anachotandika vipande vya saa, daftari kushoto, lenzi ya jicho ameipandisha kwenye paji. Ukutani zile saa zake kumi na mbili zilikuwa zikigonga kwa pamoja, na mimi niliyezizoea miaka yote nilizisikia moja moja.

Alianza vizuri, siwezi kumnyima. Alitupa karata mbovu bila kujuta, akasubiri. Mara mbili Chuma aliongeza dau, mara mbili Sekunde akanong'ona "sekunde mbili, anazo", akajitoa. Mara ya tatu Chuma alikaa sekunde kumi na mbili, Sekunde akabaki, na kweli yule alikuwa hana kitu. Pesa zikasogea upande wetu. Nasema upande wetu kwa sababu tayari nilikuwa naziona zetu.

"Zimerudi za wiki hii," nikamwambia. "Toka sasa, fundi."

"Saa nane kasoro ishirini na moja. Muda upo."

Karata zikagawiwa. Akapata wafalme wawili. Nilimwona akinyooka mgongo. Akaongeza dau, wote wakakimbia isipokuwa Chuma. Mezani zikafunuliwa tatu: tisa, nne, mbili. Sekunde akaongeza, Chuma akafuata. Ya nne ikaja, tisa nyingine. Sekunde akaongeza tena, safari hii nusu ya alichokuwa nacho, na mkono wake wa kibano, mkono unaoshika skrubu ndogo kuliko punje ya chumvi, ulikuwa ukitetemeka. Chuma akafuata tena. Ya tano ikaja saba, isiyomsaidia mtu.

Zamu ya Chuma. Kiduara kikaanza kuzunguka.

Sekunde hakuangalia simu. Alifumba macho, midomo ikihesabu. Tano. Nane. Mteja alikuja kugonga dirisha langu, nikamwambia hakuna salio, na salio lilikuwepo. Kumi na tatu. Jasho lilikuwa linamshuka shingoni likaingia kwenye kola. Kumi na saba. Nilitaka kumnyang'anya ile simu nikaiweke ndani ya ndoo ya maji.

Kumi na tisa. Chuma akaweka zote mezani.

"Kumi na tisa," Sekunde alisema, akafumbua macho. "Hajawahi kufika kumi na tisa. Jirani, huyu hana hata harufu ya karata."

"Una hakika?"

"Miaka thelathini nasikiliza muda. Huyu anaogopa."

Naye akaweka zote.

Karata za Chuma zikafunuka. Tisa na ree, ile karata yenye A. Ile tisa, pamoja na tisa mbili za mezani, zikawa tisa tatu, na tatu zinawameza wafalme wawili. Pesa zote ziliondoka upande wetu kwa mwendo ule ule wa taratibu zinaoondoka nao hata zikiwa za betri.

Halafu pale chini, mahali wachezaji wanapoandikiana, yakatokea maneno ya Chuma kwa watu wote wa meza. Samahani kwa kuwachelewesha, ameandika, mtandao wangu leo unakwama, nimebonyeza mara tatu ndipo ukakubali.

Sekunde aliyasoma. Akashusha lenzi ya jicho, akayasoma tena kwa lenzi, kana kwamba kuna vumbi mahali. Mtu hakuwa amefikiri hata kidogo. Alijua anachotaka tangu sekunde ya kwanza, na kumi na nane zilizobaki zilikuwa za minara na nyaya. Fundi alikuwa amekesha na kurasa mbili za hali ya mtandao wa mtu mwingine, akidhani ni moyo wake.

"Ile saa ya wizi," aliniambia, "yule bwana alikuwa amesimama mbele yangu."

Nilikuwa nimekasirika naye, na nilikuwa nimekasirika zaidi na kidole changu.

Ijumaa Mwalimu alifika saa nne na nusu, amepiga pasi, na pochi kwapani. Alikuwa amepaka mafuta midomo. Sekunde alikuwa amekaa tangu asubuhi bila kufungua saa hata moja. Nilibaki upande wangu wa ubao, naona aibu kupumua kwa sauti.

"Tayari, baba?" Mwalimu aliuliza. "Twende tusimcheleweshe daktari."

"Mama, kaa kwanza."

"Nitakaa huko kwa daktari."

"Mama, pesa zako nimezicheza. Karata, kwenye simu. Zote."

Nilisikia benchi la wateja likilia, akakaa.

"Zote," alisema.

"Zote, mama. Nitazilipa. Nimeshaongea na mtu anunue mashine yangu ya kung'arisha, itatoa robo. Nyingine kila mwezi."

Mwalimu hakulia, hakupiga kelele. Aliuliza swali moja, na aliliuliza kwa utaratibu wa mtu anayesahihisha madaftari.

"Nani alizitoa? Maana mimi sikuwepo."

Sekunde aliinama, akaanza kufuta lenzi yake. Huenda alikusudia kunificha. Nilizunguka ubao nikasimama mbele ya Mwalimu, mikono nyuma, kama nilivyokuwa nikisimama nikiwa na miaka saba.

"Mimi, Mwalimu."

"Uliona jina langu?"

"Niliona."

"Ukalisoma?"

"Nililisoma."

Alitikisa kichwa kidogo. Nikaweka kaunta kamisheni niliyoipata kwa kazi ile, akaitazama, asiiguse. Alinyoosha mkono kwa mkwewe, akapewa simu yake ndogo. Akaniomba nimsomee hatua za kubadilisha namba ya siri. Nikamsomea. Ilipofika pa kuandika namba mpya, aligeukia ukuta wa saa, akatupa mgongo sisi wote wawili, akabonyeza tarakimu nne polepole, kisha akarudia tena nne.

Mashine ya kung'arisha iliuzwa. Sekunde analipa kila mwisho wa mwezi, nami naongezea ninachoweza, na bado hatujafika nusu. Daktari ameyatunza meno kwenye boksi lenye jina. Mama muuza mboga ameacha kuniuliza.

Pensheni ikiingia, Mwalimu hapiti tena dirishani kwangu. Anavuka barabara kwa wakala wa upande wa pili, kijana mgeni asiyemfahamu. Naona vizuri kutoka hapa nilipokaa. Anachukua karatasi, anaandika kiasi anachotaka kutoa, anaisukuma chini ya kioo, ili asifungue mdomo.