Siku Nilipomtetea Bi Kitoga

Nakiri mwenyewe, kwa kuwa walioshuhudia ni wengi. Nilikuwa fundi cherehani Kibaoni, na kwa kusoma gazeti la katuni hakuna aliyenishinda. Mchapishaji alipokuja Ifakara kutangaza mabadiliko, wasomaji tulijaa ukumbini, wengine wametoka Mlimba kwa treni.

Akasema, "Kuanzia mwezi ujao, Bi Kitoga anaondoka ukurasa wa mwisho."

Bi Kitoga ni yule muuza samaki wa kuchorwa asiyekubali kuonewa na mtu. Kwake nilijifunza kudai haki yangu. Nikasimama hapo hapo.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Akiondoka yeye, na sisi tunaondoka."

Nikatoka, na ukumbi mzima ukanifuata, hata wazee. Sijawahi kutembea kwa maringo kama siku ile.

Tulipofika nje, mchapishaji akatukimbilia huku jasho likimtoka.

"Dada, hukuningoja nimalize," akasema. "Anahamia ukurasa wa kwanza."

Watu wote wakanigeukia. Uso uliniwaka kwa aibu, lakini nikajifunga khanga vizuri, na kurudi ndani nikatangulia mimi.