Katuni ya Idd Pili

Mchumba wangu Marijani anatafsiri muvi kwenye kibanda umiza cha Sadallah, hapa Vingunguti. Anapunguza sauti ya Wazungu, anashika maiki, anasema yeye. Anachekesha huyo! Tatizo mama yangu, Bi Mwajabu. Posa ilishafika nyumbani, mama kaikalia tu. "Kazi ya mdomo ile ni uhuni," anasema. "Ngoja nikaione mwenyewe."

Akaenda kuiona Idd Pili, siku gani hiyo! Sadallah, mtu wa pupa, kaona michoro ya rangirangi kwenye flashi, kautangazia mtaa mzima: katuni za watoto, karibuni. Kumbe ni ile sizoni ya pili ya nahodha mlevi wa chombo cha angani, katuni ya wakubwa, ambayo Marijani alikuwa akiwatafsiria vijana kila jioni na matusi yake yote.

Watoto wamejaa na nguo zao za sikukuu. Mama kakaa mbele kabisa, mjukuu wake Raudha mapajani.

"Shikamoo, mama," Marijani akasema.

"Marahaba. Fanya kazi yako, nikuone."

Nikamnong'oneza Marijani abadilishe. Flashi nyingine hakuna. Mie nikabaki mlangoni. Mama akimkataa leo, basi tena, mume sina.

Nahodha kabugia chupa, kapepesuka. Marijani mbio kwenye maiki: "Dawa ya kifua hii chungu, jamani!" Mama akaitikia kwa kichwa, karidhika. Mara nahodha kamkumbatia mwanamke wa kijani mwenye macho matatu, midomo ikagusana. Loo! "Kazimia dada wa watu, anampulizia pumzi!"

"Masikini," mama akasema. Jasho linamtiririka Marijani mpaka shingoni.

Kisha roboti akamzaba nahodha kofi. Nahodha kageuka, kafumbua mdomo. Marijani akasema kwa upole, "Ndugu yangu, mbona unanikosea?"

"Siyo hivyo!" Raudha huyo, kasimama. Akalitoa tusi lenyewe, la nguoni, kwa sauti ya Marijani, na kicheko cha Marijani mwishoni. Watoto wote wakaitikia. Kumbe jioni zote zile walikuwa nje, masikio kwenye mabati. Njia ya mwongo fupi, lakini ile ilikuwa fupi mno, haki ya Mungu.

Mama akanyanyuka, akakaza mtandio.

"Kwa hiyo yule mwanamke hakuzimia?"

"Hakuzimia, mama."

"Na siku uliyomwambia mwanangu unampenda, ulisema ya kwako au ulitafsiri?"

Marijani akaweka maiki chini. Sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia, nyembamba, inatetemeka.

"Ya kwangu, mama."

Mama kamwangalia weee.

"Hiyo sauti ndiyo uje nayo kesho kwa baba zake huyu mwanangu," akasema. "Ile nyingine iache hapahapa."

Akamshika Raudha sikio, wakatoka.