Ukuta wa Sudi Nusu

Mwaisha hulamba kuta. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wa mtaani kwetu Chuno wanalolitaja kwanza ukiwauliza habari zake, na mimi nimechoka kuwaeleza kwamba huyu mwanamke ana mengine. Ukimwita aje kukupambia sebule, hatoi brashi wala futi. Anaingia, anasalimia, anasogea pembeni na kuuonja ukuta wako kwa ulimi, huku wewe mwenye nyumba ukijiuliza kama umeita fundi au umeita mgonjwa. Akikuta chumvi anajua mchanga uliojengea ulichotwa ufukweni, na ukuta wa namna hiyo hutema kila unachoubandika.

Alijifunza hayo Msimbati, kwa aibu. Alikulia kijijini kwa bibi yake, ambaye kila sherehe za jando zilipokaribia alikandika nyumba upya, akapaka udongo mweupe juu na mwekundu chini, na ndani akabandika magazeti kwa uji wa muhogo. Basi Mwaisha alipopata kazi yake ya kwanza ya karatasi za ukutani, katika nyumba ya wageni huko Msimbati, naye akapika uji wa muhogo. Mende wakala gundi kwa mbele, chumvi ikasukuma kwa nyuma, na karatasi yote ikamwangukia mgeni kitandani. Mwingine angehama mkoa. Yeye alirudi, akakwangua ukuta mzima na kuanza upya, na tangu hapo hununua gundi ya dukani na hulamba kwanza.

Sasa ni fundi hasa, na nalisema hili nikiwa na ushahidi ndani ya nyumba. Nguzo yangu ya saruji pale sebuleni aliigeuza kwa rangi kuwa mti wa mninga, na mistari yake na vifundo vyake. Shemeji yangu ni seremala. Alikuja, akaitazama, akaigonga kwa kidole, akasikia saruji, na akanuna mpaka chakula kilipoletwa. Kuna kitu kimoja tu Mwaisha hakipendi, na hapo tunaelewana: karatasi zenye picha ya matofali. Mtu ana nyumba ya matofali, amehangaika kupiga lipu ili ayafiche, halafu anakwenda kununua picha ya matofali abandike juu yake.

Lakini kazi yake ninayoiheshimu kuliko zote haiko kwangu. Iko kwa jirani yangu, Bi Rukia.

Mume wa Bi Rukia, mzee Sudi, Mungu amrehemu, mtaani aliitwa Sudi Nusu. Banda lake la kuku lilikuwa na kuta bila paa. Kisima chake kiliishia kwenye mwamba. Baiskeli aliyoifungua kuitengeneza ilikaa vipande vipande hadi watoto wake wakaoa. Watu walimcheka na yeye alicheka nao. Bi Rukia peke yake hakucheka.

Mzee huyo alikuwa mlinzi wa hoteli moja yenye marumaru mapokezi. Alipostaafu alimwambia mkewe kwamba na yeye atalala chumba cha marumaru, kama mgeni wa hoteli. Akanunua rangi, akachukua kipande cha sponji na unyoya wa kuku, akaanza kuchora marumaru kwenye ukuta unaotazama kitanda. Alifika katikati, presha ikamchukua.

Bi Rukia akaingia eda, miezi ile ya mjane kukaa ndani, na chumba kilikuwa hichohicho. Akawa anashinda akitazama ukuta ulio nusu marumaru na nusu lipu. Mwanawe Abdulrahmani akaja kutoka Dar es Salaam na karatasi za maua, nzuri kweli, zifunike ukuta wote kabla ya siku ya kumtoa mama eda, kwani siku hiyo nyumba hujaa watu. Nia yake ilikuwa njema. Fundi mwanamume hawezi kushinda chumbani kwa mjane aliye edani, ndipo akaitwa Mwaisha. Nami nilikuwepo, maana majirani tulikuwa tunapokezana kukaa naye.

Mwaisha alitoa shikamoo, akasogea ukutani, akalamba. Bi Rukia, ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha.

"Mwanangu, mimi sitaki maua," alisema. "Nataka mzee amalize."

"Amalize vipi, bibi?"

"Umalizie wewe kwa mkono wake. Siku ile watajaa humu. Wakiona nusu watasema hata huu kauacha. Wakiona maua, nitakuwa nimemfuta mwenyewe. Ukuta huu sitaki usemwe."

"Lakini mzee hakuwa fundi."

"Ndiyo maana nakuambia. Usiniletee uzuri wako."

Mwaisha alitoka barazani kwa Abdulrahmani. Nikamsikia akisema, kwa sauti ya kikazi kabisa, "Kaka, ukuta una chumvi. Karatasi haitashika. Tupake rangi tu." Kijana alikubali, kwa kuwa nani abishane na ulimi ule? Yeye akarudi Dar kwenye kazi zake. Alipoondoka nami niliulamba, nani anione. Haukuwa na chumvi hata chembe.

Kazi ikamshinda mwanzoni. Alijaribia kwenye ubao, akatoa marumaru ya kuweka hotelini. Bi Rukia akatikisa kichwa: "Hii yako." Akajaribu tena, safari hii akiharibu kwa makusudi, mistari ikienda hovyo. "Sasa unamcheka," alisema Bi Rukia. Nilimwonea huruma Mwaisha. Mtu ameteseka miaka kuufundisha mkono wake ujue, leo anaombwa mkono usijue.

Aliweka unyoya chini, akaketi mbele ya ukuta, akautazama muda mrefu. Mishipa ya marumaru aliyoichora mzee ilikuwa minene mwanzoni kama mizizi ya muhogo, ikiendelea inakonda, halafu ghafla minene tena.

"Bibi, alikuwa anafanyaje kazi?"

"Kazi gani?" Bi Rukia alitabasamu. "Anapaka kidogo. Anakaa. Ananiita nilete chai. Anakunywa, anautazama, anajisifu. Akinyanyuka, ameshasahau alipokuwa anaelekea."

"Basi naomba chai," alisema Mwaisha.

Ndivyo ulivyomalizika. Alipaka kidogo, akakaa, akanywa, akausifu ukuta kwa sauti mpaka tukacheka, akanyanyuka na kuanza mahali pengine. Fundi ambaye kwangu hakukaa hata kumeza mate, pale alikuwa mvivu kuliko marehemu, na ule uvivu ulikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizomwona akifanya. Bi Rukia alichemsha chai siku nzima, akimwita kwa makosa "mzee", na hakuna aliyemsahihisha.

Siku ya kumtoa eda watu walijaa. Baada ya dua wanawake waliingia chumbani kumpa pole, wakautazama ukuta, wakatazamana. Mmoja akasema, "Kumbe huu aliumaliza." Mishipa ilikuwa imepinda, rangi imezidi hapa na kupungua pale, na ilikuwa ya Sudi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaisha alikuwa mlangoni na kikombe chake, na hakuna aliyemsifu, kwa kuwa hakukuwa na kazi ya fundi ya kusifiwa.

Wageni walipopungua Abdulrahmani aliingia. Aliporudi Dar aliuacha ukuta ukiwa nusu, kwa hiyo alijua. Akapitisha kiganja taratibu, akirudi, akisogea, akitafuta mpaka kati ya mkono wa baba yake na wa fundi, machozi yakimlengalenga.

"Mama," aliuliza, "baba aliishia wapi?"

Bi Rukia akanyoosha mkono hadi kule kwenye kona, ukuta unapokwisha.

"Pale," akasema.