Bogere Alipocheza Kadodi

Kucheza nilijifunzia gizani, Jinja, katika sinema ya Mzee Vallabh, nilikokuwa mfagiaji. Zile filamu za Wamarekani wanaoimba huku wakirukaruka juu ya meza nilizitazama hadi miguu ikazijua. Vallabh alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake mwaka wa sabini na mbili, nilirudi kwetu Mbale, nikawafundisha vijana hatua zile. Wanajeshi wakatuita kwenye karamu zao, nasi tukaenda tukacheza. Ungekataa wewe? Hebu nitolee hapa!

Vita vya sabini na tisa vikatutawanya. Themanini na sita, bunduki zilipotulia kidogo, sikutaka tena kuwa mfundisha hatua tu. Nilitunga mchezo mzima wa nyimbo na ngoma, nikauongoza mwenyewe, uwanjani Malukhu, mchana kweupe. Kilikuwa kisa cha kijana Mgisu, wa kabila letu, anayekwenda kutahiriwa.

Nafasi ya kijana huyo nilimpa Bogere, Msoga wa Jinja, mchezaji wangu bora. Hakuwa ametahiriwa. Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara kwetu: anayecheza ngoma ya kadodi hadharani, amepakwa chachu ya ulezi usoni, amejitoa kutahiriwa mbele ya watu wote. Hakuna kurudi nyuma. Mgisu gani asiyelijua hilo? Lakini ukaidi wangu! Nilitaka ngoma halisi na chachu halisi.

"Mwalimu, hawa watu wenu hawatanikata?" Bogere aliniuliza.

"Wee! Huu ni mchezo. Ukiona mambo yanaharibika, nitazame. Nikiinua mkono ngoma zinanyamaza, natangaza kwamba unaigiza."

Siku ile watu walifurika. Ngoma zilipolia waliacha kutazama, wakaingia kucheza naye. Akina mama vigelegele, wazee wakiulizana huyu ni mtoto wa nani. Kisha nikamwona mtahiri, kisu mkononi. Bogere naye alimwona. Akanigeukia, akanikazia macho.

Mkono sikuuinua. Tangu vita sikuwa nimeona watu wa Mbale wakifurahi vile, na aliyewafurahisha ni mimi. Nikasema moyoni, hatua kumi tu zaidi. Hazikufika kumi. Walimbeba hadi ua wa jirani, nami nikawakimbilia nikipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Aibu gani hii, ee Mungu wangu!

Bogere alikatwa amesimama wima, hakulia. Wakamzawadia mbuzi. Mimi nikapata sifa, mji mzima ukiimba jina langu, Mafabi, Mafabi.

Wiki tatu baadaye nilimfuata kwao Jinja. Nilimkuta mkekani, amejifunga shuka. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha.

"Mwalimu," alisema kabla sijaketi, "uliniona nilipokutazama?"

"Vumbi, mwanangu. Vumbi lilikuwa jingi, sikuona kitu."

Akashusha pumzi, uso ukamkunjuka. "Nilijua tu! Hapa nyumbani wote wanasema uliniuza. Mimi nimewakatalia kabisa." Akajinyoosha taratibu, akiuma meno. "Mazoezi yanaanza lini?"

Nikamwambia Jumatatu.