Boriti Zilizokauka Wima

Wageni wakija nyumbani kwetu Mji wa Kale hunyanyua nyuso kutazama dari, wakaona zege, wakaguna. Walitaka boriti. Wamesikia kwamba nyumba za kale za Mombasa hubebwa na miti ya mikoko, sasa wanakuta dari kama ya posta. Mmoja, maskini, aliniuliza kwa nini hatuzithamini mila zetu. Nilimwambia akaiulize mikoko. Akacheka, akidhani namtania. Simtanii mtu mimi. Nina hasira, na hasira hiyo ninayo tangu miaka ya tisini.

Baba yangu alikuwa muuza boriti. Alikuwa na kiwanja kidogo ufukweni, na mali yake ilitoka horini, mkono wa bahari ulio nyuma ya bandari, ambako mkataji mmoja, Mduruma wa huko huko, alimkatia mikoko tangu wote wawili wangali vijana. Boriti ina taratibu zake. Mti hukatwa mbichi, wakati wa giza la mwezi, ukabanduliwa gome siku ile ile, kisha ukazamishwa topeni, maji yakijaa na kupwa juu yake mpaka ukomae. Baba hakuruka hata hatua moja. Na boriti ndiyo iliyopima nyumba zetu, kwa sababu kuta haziwezi kuachana zaidi ya pale mti unapofika. Ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba. Mama alizoea kusema kwamba ameishi umri wake wote ndani ya urefu wa mti mmoja, na mti wenyewe hajawahi kuuona.

Ilikuwa kweli. Mikoko aliiona kwa mbali tu, kijani cha kupita njia, gari likivuka Makupa. Kazi ya baba ilikuwa huko nje, yake ilikuwa ndani. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu. Aliletwa humo bibi harusi, akatuzaa humo, na humo ndimo baba alimokata roho, mwishoni mwa ile mvua ya Elnino. Mvua gani ile, jamani! Ilianza vuli ikakataa kwisha. Marikiti wachukuzi walibeba magunia wakiwa wamekunja suruali hadi magotini. Baba tulimzika kaburi likijaa maji tukiyachota, na tulipomaliza tukarudi nyumbani na tope miguuni.

Mama akaingia eda. Mjane wa kwetu hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyoachwa na mumewe, hatoki bila dharura, hajipambi. Mimi nikahamia kwake kumtazama. Kisha masika yakaja juu ya Elnino. Chokaa ya dari ilikuwa haijapata hata kukauka, ikanywa maji tena ikawa nzito, na asubuhi moja boriti iliyo juu ya kitanda cha mama ikalia ka! Ikapasuka. Kaka yangu aliitegemeza kwa gogo, lakini mama alipokuwa akisali, vipande vya chokaa vilimwangukia kwenye msala.

"Mama, twende kwangu Kisauni," kaka akamsihi.

"Eda ya mume wangu naikaa nyumba ya mume wangu."

Tukamwita mwalimu wa dini. Alizungumza naye nyuma ya pazia, kwa upole sana, akamweleza kwamba penye hatari ya roho sheria imempa ruhusa ya kuhama.

"Ruhusa nimeisikia, mwalimu, Mungu akulipe kheri," mama akajibu. "Lakini si amri."

Lahaula! Tungemfanyaje? Kumbeba? Ikawa jambo ni moja tu: tupate boriti, na upesi, kabla dari haijamfukia. Za Lamu hazikuwa zikifika, barabara mafuriko yalikuwa yameikata. Kiwanja cha baba kilikuwa kitupu. Kaka akasema twende kwa mkataji.

Msitu ule niliujua. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa akinichukua mara moja moja, na nilichokumbuka ni giza lake la kijani, baridi yake, na kaa wakikimbia kila upande. Siku ile tulipofika nilidhani tumepotea njia. Vilima vya nyuma vilikuwa vimefyekwa kwa makaa na mashamba, na mvua ilikuwa imeuteremsha udongo wao mwekundu wote ukamwagika horini. Mkoko hupumua kwa mizizi inayochomoza topeni. Mizizi ilikuwa imefukiwa. Miti ilisimama wima bila jani hata moja, ya kijivu, mpaka macho yanapofika. Ilikuwa imekabwa pumzi mahali iliposimama, na kaa hawakuwepo. Nilianza kulia. Kaka yangu akacheka.

Kicheko kile kilinikera, na mpaka leo nikikikumbuka kinanikera. Yeye hakuwa akiona msitu, alikuwa akiona dari. Mkataji naye alikuwa amefurahi vivyo hivyo, akipigapiga mashina kwa kiganja.

"Imejikausha yenyewe, ndugu," alimwambia kaka. "Mungu katupunguzia kazi. Wewe chagua tu."

Mibichi iliyobaki, huko kwenye mdomo wa hori, mabwana misitu walikuwa wameipiga marufuku kukatwa, na walikuwa na haki. Hii iliyokufa nani angeikataza? Basi ikakatwa mchana kweupe, mwezi ukiwa mpevu. Haikuzamishwa topeni, maana ya nini kukomaza kilichokwishakauka? Gome lililolegea likabanduliwa nyumbani, na kwingine likaachwa. Wala hatukuwa peke yetu. Nusu ya Mji wa Kale dari zao zilikuwa zimepasuka, na wiki zile mikokoteni ya boriti za kijivu iligongana vichochoroni. Watu walipongezana. Walisema Elnino imevunja na Elnino imeleta.

Mama aliiinamia boriti ya kwanza tulipoiingiza uani. Akaigonga kwa kidole, akainusa.

"Haina harufu ya bahari hii."

"Imekauka, mama," kaka akasema.

"Haya. Nifunikeni."

Fundi akamfunika. Mama alimaliza eda yake mle mle chumbani, chini ya dari mpya. Siku aliyotoka tulimwogesha, tukamvisha nguo mpya, tukamfukiza udi, na majirani wakaja kumpa mkono. Nilimwona anacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikajiambia tumeshinda.

Kaskazi ilipoingia, joto likawa si la kawaida. Watu wa Kizingo, kwenye miti na upepo, walilalamika, sembuse sisi tuliobanana. Na asubuhi moja nikakuta unga kwenye shuka la mama. Unga laini, wa manjano, mwingi. Nikaupangusa. Kesho yake ulikuwepo tena. Mama alikuwa amekaa kitandani, sikio juu.

"Waisikia?" akaniuliza.

Nikatega sikio. Kru, kru, kru, taratibu, kila pembe ya dari. Alikuwa bungua, yule mdudu mla mbao. Fundi alipanda ngazi, akaisukuma boriti kwa kidole gumba, na kidole kikazama. Alishuka, akaomba maji ya kunywa. Baadaye alituambia ni vivyo hivyo mtaa mzima: miti ile iliyofia ndani ya magome yake, bungua alikuwa keshaingia kabla ya shoka, na tope la chumvi ndilo humuua. Kila mtu mtaani alizijua zile taratibu za kukata boriti tangu utotoni, na kila mtu aliziruka. Astaghfirullahi. Tulikuwa tumeezeka nyumba zetu kwa maiti.

"Tutie zege, mama," kaka akasema. "Lakini wakati wa kazi itabidi uhame."

"Mimi nahama boriti zikishindikana," mama akasema. "Nipelekeni huko zinakotoka."

Kwa hiyo safari ya kwanza ya maana aliyofanya mama yangu baada ya kufiwa ilikuwa ni kwenda kuutazama msitu. Alivaa buibui lake jipya. Mkataji alitungoja njiani, akamsalimu kwa heshima zote, akamwombea marehemu, akatutangulia. Udongo mwekundu ulikuwa umekauka ukawa mgumu, tukatembea juu yake na viatu vyetu bila kuzama. Vigogo kila mahali. Mbele kidogo vijana walikuwa wamepima uwanja wa mpira, milingoti ya goli ni mikoko.

"Nimepanda, mama," mkataji akasema haraka, kama anayeulizwa. "Nimepanda miche mwaka mzima. Maji ya chumvi hayafiki tena huku, na yakifika, jua linayakausha chumvi ikabaki. Inakufa. Bwana misitu alikuja akatuambia tusikate tamaa. Anasema msitu hujihamia wenyewe. Dunia ikizidi joto, bahari ikipanda, mikoko hurudi nyuma kidogo kidogo, vizazi kwa vizazi, ikatafuta pa kupumua."

Mama aligeuka akatazama nyuma. Kulikuwa na ukuta wa mawe wa kiwanja cha mtu, nyumba za mabati, na barabara ya malori ya bandari.

"Ihamie wapi, ndugu yangu?"

"Hata mimi nilimuuliza hivyo. Akatazama kama unavyotazama wewe, akapanda gari lake."

Mama akavuta buibui lake. "Haya. Nioneshe mmoja mzima. Nimelala chini yake miaka yote hii, nataka kuuona uso wake."

Mkataji akaangaza huku, akaangaza kule. Nikamwona anatokwa na jasho, mtu mzima, aliyezaliwa mle. Akatupeleka mbali kidogo, kwenye unyevu, akatuonesha mche. Ulikuwa wa kimo cha goti la mtoto, wenye majani mawili, moja limeungua ncha. Mama akachuchumaa. Akaligusa lile jani zima, akalitandaza juu ya kiganja.

"Ukiishi, utachukua muda gani kuwa boriti?"

"Huo, mama? Wajukuu zako watakuwa na wajukuu."

Mama akakaa vile, kivuli chake kikiufunika mche wote. Nilikuwa natamani kumpiga mtu na sikumwona wa kumpiga. Kisha akaniinulia mkono nimsaidie kusimama.

"Huu hautonifunika," akasema. "Mwambie kaka yako akanitandikie."

Jumamosi yake alihamia Kisauni, chumba cha wajukuu, chini ya mabati, na hakurudi tena kulala Mji wa Kale mpaka alipokufa. Zile boriti tulizishusha kwa mikono, nyepesi, zikivuja unga. Muuza viazi karai wa kona aliziomba, akazikaangia viazi vyake kwa muda wa wiki moja.