Stima ya Ukweni

Watu wa Chebunyo bado wananicheka, najua, na wa Kimulot pia tangu habari iwafikie, kwa hivyo afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjaletewa ile iliyotiwa chumvi: ndiyo, ni mimi niliyemaliza stima ya baba mkwe siku ile tulienda koito, yaani kuomba msichana na kuelewana mahari. Aibu niliipata ya kutosha. Lakini hasira niliyo nayo mpaka leo inaizidi aibu, na mtanielewa.

Kwanza mniachie gari langu. Ni gari dogo la umeme, mtumba, nililinunua kwa sababu naishi Kimulot na kazi iko Bomet mjini, na kila siku nateremka, napanda, usiku nachomeka kwa ukuta kama simu, asubuhi limejaa, na wale jamaa niliokuwa nikipanga nao foleni ya petroli sasa wananiona tu nikipita. Kwa kwenda kazini na kurudi halijaniangusha hata siku moja. Andikeni hiyo.

Sasa siku ya koito ikafika. Faith, mchumba wangu, kwao ni Chebunyo, mbali na kwetu, na tena chini kwenye joto. Mjomba mmoja alikuwa ameahidi kutupeleka na pikapu yake, asubuhi hiyo akasema imegoma. Mimi, badala ya kutafuta gari la kukodi, nikasema kwa mdomo wangu huu: "Tutaenda na langu, litafika."

Na lingefika kweli, kama wazee wangenyamaza! Nilibeba watatu, na wa mbele alikuwa mzee Arap Kimeto, ndugu mkubwa wa marehemu baba, ndiye msemaji wetu, mwili mkubwa na koti zito la sufu alilovaa kwa baridi ya Kimulot. Tulipoteremka na jua likaanza kuwaka, nikamwomba avue koti. Akakataa, eti msemaji haingii ukweni bila koti. Nikafungua dirisha. Akasema vumbi. "Si hii gari yako iko na AC? Washa." Nikamweleza kwamba AC inakula betri na kurudi ni kupanda. Akaniangalia (mnajua vile wazee huangalia). "Kijana, unataka nifike kwa watu nikiwa nimeloa jasho?" Nikawasha.

Tulipofika, betri ilikuwa imebaki kidogo sana, ya kutosha kutupeleka hapo barabarani tu tukwame. Na hapo ndipo penye ugumu: umekuja kuomba binti wa watu, utaanzaje kuomba na stima? Nikamnong'onezea Faith nyuma ya jikoni. Akacheka kidogo, akasema, "Leta waya. Ingiza hapa kwa soketi ya jikoni, nani ataona?" Nikapitisha waya dirishani, ule wa rangi ya machungwa, mpaka kwa gari chini ya mparachichi, na roho ikatulia. Huo ndio uamuzi mdogo ninaoulilia.

Ndani tulipokewa vizuri. Mursik, maziwa ya kibuyu, ikazunguka, tukasali. Baba yake Faith alikuwa amekodi spika na maikrofoni kwa sababu wageni walijaa mpaka nje. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kunyamaza, na nilinyamaza. Mzee Arap Kimeto akasimama na koti lake, akashika maikrofoni, akaanza kunisifu. "Kijana wetu ana kazi," akasema. "Kijana wetu ni mtu wa kujitegemea, hajawahi kuomba mtu ki..."

Maikrofoni ikafa.

Taa ikazima pia. Watu wakasema stima imepotea, jambo la kawaida, nami nikasema hivyo hivyo kwa sauti kuliko wote. Lakini posho mill ya jirani, nayo ni ya stima, ilikuwa inaendelea kusaga, tena kwa nguvu, na baba yake Faith akainua kichwa akaisikiliza. Akaenda kwa mita, ile ya kulipia kwanza. Tukamsikia: "Token imeisha? Si nimeweka jana jioni?"

Akauona waya. Akaufuata taratibu jikoni, akapita sufuria, akatoka nje akiuangalia, na wazee wote nyuma yake, wao na wetu, mstari mmoja kama watu wa mazishi, mpaka chini ya mparachichi. Akaangalia gari. Akaniangalia mimi.

"Kijana. Umekuja kuoa msichana wangu, ama umekuja kukunywa stima yangu?"

Boma zima likapasuka kwa kicheko. Na mnajua nani alisema nini? Arap Kimeto! Mwenye AC! Akatingisha kichwa kwa huzuni: "Hata sisi tulimwambia hii gari ni ya mjini." Mpaka leo nikikumbuka sentensi hiyo naacha chai ipoe.

Baba yake Faith hakucheka. Alisema mtu anayeingia jikoni kwa watu bila kuuliza, yeye hajui kama anaweza kumpa mtoto wake. Kicheko kikakatika. Nikaona nimempoteza Faith, hivi hivi, kwa sababu ya koti la mtu.

Ndipo Faith akatoka jikoni, mikono ina unga, mbele ya wazee wote. "Baba, ni mimi nilimpatia soketi."

"Wewe?"

"Ni mimi. Ungetaka alale kwa barabara na wazee?"

Baba yake akageuka. Akarudi ndani, wazee wakamfuata, mazungumzo yakaendelea bila spika, na mwishowe wakatoka na jibu: msichana tumepewa. Ila kwa mahari kumeongezwa ng'ombe mmoja, ng'ombe wa stima. Nani alikuwa wa kwanza kusema "tumekubali"? Koti la sufu.

Nikanunua token kwa simu yangu, nikachomeka tena, tukakaa hapo mpaka jioni, ukoo mzima ukinitazama nikichaji. Mtu akikosa petroli ukweni anachangiwa galoni na watu wanamwonea huruma. Mimi, ng'ombe!

Niliapa siku hiyo sitawahi tena kuchomeka waya kwa watu kimyakimya. Sasa tukienda kusalimia, naomba nikiwa bado langoni, kwa sauti, majirani wasikie, kabla hata ya kusalimia chamgei. Baba mkwe anacheka, ananionyesha soketi. Mimi sicheki. Nachaji mpaka gari lijae, nachaji simu yangu, ya Faith na tochi. Nilitoa ng'ombe mzima kwa wale watu, na kwa hesabu yangu bado sijachaji hata mguu wake mmoja.